Maswali ya Barazani juu ya Michezo ya Video ya Zamani

Mtega kitendawili hujua tangu mwanzo kwamba jibu ni moja. Husema neno lake, wenziwe hujaribu mara mbili tatu, na wakishindwa humpa mji. Yeye huupokea au huukataa, akiisha kuridhika hufichua jibu, na shauri likawa limekwisha. Sijapata kusikia mtu akisimama barazani kudai kwamba jibu la kitendawili limebadilika tangu mwaka jana. Nimetanguliza jambo hili kwa kuwa mchezo ninaokusudia kuueleza hapa wafanana na kitendawili kwa sura, walakini kwa tabia uko mbali nacho. Ni mchezo wa marafiki kupimana ujuzi wao wa michezo ya video ya zamani: nani aliyeutunga mchezo fulani, ulitoka mwaka gani, na mhusika fulani aliitwaje kabla ya kupewa jina alilo nalo sasa.

Nakiri kwamba mimi ni mmoja wa wenye maradhi hayo. Jioni moja tulikaa watu sita, nami ndimi niliyekuwa mwulizaji. Maswali yangu ishirini nilikuwa nimeyaandika katika karatasi, na kando ya kila swali jibu lake. Swali la kwanza niliona ni jepesi, la kuwachangamsha tu wenzangu: mchezo wa kwanza wa video ni upi? Mmoja akajibu upesi, “Pong, mwaka 1972,” nami nikampa alama yake. Hapo mgeni mmoja, aliyekuja pamoja na rafiki yetu na aliyekuwa kimya tangu magharibi, akasema, “Samahani ndugu yangu, wa kwanza kwa maana ipi?” Nilicheka. Nilimwambia kwamba neno “kwanza” halina maana mbili. Naye akanijibu kwa upole kwamba swali lile lilikwisha kupelekwa mahakamani, majaji wakalichukulia miaka, na jibu nililoandika mimi silo lililoshinda. Wenzangu wakanitazama. Nilisema kwamba tuendelee na swali la pili. Lakini usiku ule sikulala mapema, na mengi ya haya ninayoyaeleza niliyasoma katika siku zilizofuata, kwa aibu kwanza na baadaye kwa hamu.

Anayejibu Pong si mjinga. Pong ndio mchezo uliowafanya watu wa kawaida waijue biashara hii. Ulitengenezwa na Allan Alcorn, mhandisi kijana wa kampuni ya Atari, iliyoanzishwa California mwezi wa Juni 1972 na Nolan Bushnell na Ted Dabney. Bushnell alimpa Alcorn kazi ile kama zoezi la kujifunza: nukta moja iendayo huku na huku juu ya kioo, na vigongo viwili vya kuirudisha. Mashine ya majaribio iliwekwa katika baa ya Andy Capp's mjini Sunnyvale. Baada ya siku chache Alcorn aliitwa aje aitazame kwa kuwa imeharibika. Alipoifungua aliona kwamba haina ubovu wowote, ila chombo cha kupokelea sarafu kimefurika hata mashine ikakwama. Kisa hicho ni cha Alcorn mwenyewe, naye amekisimulia mara nyingi. Ni kisa kizuri mno, na uzuri wake ndio uliokifanya kiwe mwanzo wa historia nzima katika vichwa vya watu. Mwanzo unaokumbukwa aghalabu ni ule wenye kisa.

Lakini Pong ulipotangazwa mwezi wa Novemba 1972, mashine nyingine ilikwisha kuuzwa madukani kwa ajili ya kuchezewa nyumbani. Ilikuwa Odyssey, ya kampuni ya Magnavox, na nyuma yake alikuwako Ralph Baer. Baer alizaliwa Ujerumani mwaka 1922 katika jamaa ya Kiyahudi, na mwaka 1938 jamaa hiyo ikakimbilia Marekani. Mwaka 1966 alikuwa mhandisi wa Sanders Associates, kampuni ya New Hampshire iliyofanya kazi za jeshi. Mwezi wa Agosti, alipokuwa akimngoja mwenzake katika kituo cha mabasi mjini New York, alipatwa na fikira kwamba runinga, ambayo wakati ule mwenyewe hakuweza kuifanya lolote ila kuizima na kubadili stesheni, ingeweza kuchezewa. Tarehe 1 Septemba aliiandika fikira hiyo katika kurasa nne. Yeye na wenziwe Bill Harrison na Bill Rusch wakaunda chombo baada ya chombo, hata mwaka 1968 wakapata kisanduku kilichobandikwa karatasi ya rangi ya mbao, nacho ndicho kilichokuwa Odyssey. Kilikuwa kitu duni kwa macho ya leo: hakikutoa sauti, hakikuhesabu alama, na picha za uwanja zilikuwa karatasi za plastiki za kubandika juu ya kioo cha runinga. Hata hivyo kilikuwa na mchezo wa tenisi wenye nukta na vigongo viwili.

Tarehe 24 Mei 1972 Magnavox waliionyesha Odyssey huko Burlingame, California, na Nolan Bushnell alikuwa miongoni mwa waliokwenda kuitazama. Tunajua hayo kwa sababu alitia sahihi katika daftari la wageni. Daftari hilo, kitu ambacho mlinda mlango hukiweka mezani bila kufikiri, likaja kuwa ushahidi wenye thamani ya mamilioni. Magnavox walifungua kesi mwaka 1974 mjini Chicago, wakidai kwamba michezo ya mpira wa nukta imeivunja hataza ya Baer, yaani hati ya serikali inayoulinda uvumbuzi wake. Bushnell hakukana kwamba aliiona Odyssey. Alisema tu kwamba haikumvutia. Atari wakapatana na Magnavox mwaka 1976 na kulipia leseni. Wengine waliendelea kushindana, na mwezi wa Januari 1977 Jaji John Grady akaamua kwamba hataza ya Baer ndiyo iliyotangulia katika ufundi huu wote. Basi mgeni wetu alikuwa na haki: kwa kauli ya mahakama, mwenye kujibu Pong amekosa.

Lau mambo yangeishia hapo, ningelisahihisha karatasi yangu nikaendelea. Lakini wenye kushindwa kesi huwa na sababu kubwa ya kusoma historia, nao walichimba. Ikawa kila aliyetakiwa kulipia leseni alitafuta mchezo uliotangulia kisanduku cha Baer, apate kuibatilisha hataza yake. Naam, michezo ya namna hiyo ilikuwako. Mwaka 1962, katika chuo cha MIT, Steve Russell na wenziwe walitunga Spacewar!, vita vya vyombo viwili vya angani juu ya kioo cha kompyuta ya PDP-1. Mwaka 1952 katika Chuo Kikuu cha Cambridge, A. S. Douglas aliifundisha kompyuta ya EDSAC kucheza mchezo wa sifuri na misalaba, kwa ajili ya tasnifu yake ya udaktari. Nyuma zaidi iko hataza ya Thomas Goldsmith na Estle Ray Mann, iliyoombwa mwezi wa Januari 1947 na kutolewa Desemba 1948, ya chombo cha kujifurahisha kwa kurusha makombora juu ya kioo. Hicho hakikuuzwa kamwe.

Katika wote hao anayenigusa zaidi ni William Higinbotham. Alikuwa mwanafizikia, na wakati wa vita vya pili vya dunia alikuwa mmoja wa waliotengeneza vyombo vya elektroniki vya bomu la atomiki. Vita vilipokwisha alijiunga na wanasayansi wenzake kuanzisha shirika la kuonya juu ya silaha hizo, akaishughulikia kazi hiyo kwa miaka mingi. Mwezi wa Oktoba 1958 maabara ya Brookhaven, karibu na New York, ilikuwa na siku zake za kuwakaribisha wageni. Higinbotham aliona kwamba maonyesho ya maabara huwachosha watu, akaunda mchezo wa tenisi juu ya kioo kidogo cha inchi tano cha chombo cha kupimia mawimbi ya umeme. Watu walipanga mstari mrefu kuucheza. Ulionyeshwa tena mwaka 1959, kisha vyombo vyake vikafunguliwa vitumike kwa kazi nyingine. Hakuomba hataza, hakuona kwamba amevumbua kitu.

Katika miaka ya 1980 kampuni ya Nintendo, ikitaka kuibatilisha hataza ya Baer, ilimwita Higinbotham atoe ushahidi. Mzee yule, aliyetamani kukumbukwa kwa kupinga kuenea kwa silaha za nuklia, alijikuta akihojiwa na mawakili juu ya mchezo wa siku chache wa miaka zaidi ya ishirini nyuma. Mahakama iliukataa mchezo wake kwa hoja ya kiufundi: kioo kile hakikutumia mawimbi ya video kama yale ya runinga, basi mchezo wake haukuwa mchezo wa video. Msomaji aone jinsi swali la barazani lilivyopata jibu lake rasmi. Jibu halikutoka kwa wanahistoria. Lilitoka kwa watu waliotakiwa kulipa na watu waliotaka kulipwa, na maana ya neno “video” ikakatwa kwa kipimo cha haja yao. Sisemi kwamba jaji alikosea. Kazi yake ilikuwa kuamua hataza ile, wala hakuombwa kuamua nani alikuwa wa kwanza kucheka mbele ya kioo. Sisi ndio tuliochukua hukumu ya jambo moja tukaifanya jibu la jambo lingine.

Tangu hapo sikuliuliza tena swali lile bila kutaja kipimo. Ukiuliza mchezo wa kwanza wa mashine ya sarafu uliotengenezwa kwa wingi na kuuzwa, jibu ni Computer Space wa mwaka 1971, kazi ya Bushnell na Dabney wale wale kabla ya Atari. Ukiuliza mashine ya kwanza ya nyumbani, ni Odyssey. Rafiki mmoja alinung'unika kwamba maswali yangu siku hizi yamekuwa marefu kama hati ya kukodi nyumba. Na iwe hivyo.

Swali la pili lililoniadhibu linahusu majina. Karibu kila mwenye kupenda michezo ya zamani huulizwa: ni mchezo gani wa kwanza ambao mtunzi aliificha siri ndani yake? Hujibiwa: Adventure wa Atari, na mtunzi ni Warren Robinett. Kisa chenyewe kinastahili kusimuliwa kwa urefu, kwa maana hakikuwa mzaha. Atari katika miaka ile haikuandika jina la mtunzi popote, wala katika kaseti, wala katika sanduku, wala katika kijitabu cha maelezo. Mtu mmoja aliufikiri mchezo, akachora picha zake, akatunga sauti na programu yake yote, na jina lililotoka lilikuwa la kampuni peke yake. Robinett aliutunga Adventure katika kaseti yenye nafasi ya baiti 4,096 tu, nafasi isiyotosha kuihifadhi insha hii. Ndani ya nafasi hiyo finyu alitenga pembe moja kwa ajili yake. Katika njia za kupotea za ngome nyeusi aliweka nukta moja ya kijivu, ndogo na yenye rangi ya mahali ilipo. Mchezaji aliyeigundua na kuibeba hadi mahali maalumu aliweza kupenya ukuta na kuingia katika chumba kisichokuwamo katika ramani yoyote. Humo mliandikwa kwa herufi za kuwaka kwamba mchezo ule umetungwa na Warren Robinett.

Hakumwambia mtu. Aliacha kazi mwaka 1979, na kaseti zikaenda kuuzwa, hata idadi yake ikapita milioni moja. Siri ilifichuliwa na kijana wa miaka 15 wa Salt Lake City, ambaye aliiandikia Atari barua akieleza alichokiona. Kampuni ilitaka kwanza kukifuta chumba kile. Brad Stewart, aliyepewa kazi hiyo, alisema kwamba akiigusa programu, ataandika humo kwamba yeye ndiye aliyeirekebisha. Gharama ya kutengeneza upya vipande vya kumbukumbu nayo ilikuwa kubwa. Mwishowe mkubwa mmoja wa idara ile, Steve Wright, akasema afadhali iachwe, kwani wachezaji watafurahi kutafuta vitu vya namna hiyo kama watoto watafutavyo mayai ya Pasaka. Na jina la mayai ya Pasaka ndilo lililobaki hadi leo kwa siri zote za programu. Watu wengi hulijua jina hilo wala hawajui kwamba lilitokana na mtu aliyenyimwa jina lake.

Wengine hawakujificha, waliondoka. Mwaka 1979 David Crane, Larry Kaplan, Alan Miller na Bob Whitehead, watunzi wanne wa Atari, waliona katika orodha ya mauzo kwamba michezo yao ndiyo iliyoiletea kampuni sehemu kubwa ya mapato ya kaseti. Walimwendea rais wa kampuni kuomba sehemu ya faida na haki ya kutajwa. Kwa masimulizi ya Crane, waliambiwa kwamba hawakuwa na thamani kuliko mtu anayefunga masanduku kiwandani. Wakaondoka, wakaanzisha Activision pamoja na Jim Levy, na vijitabu vya michezo yao vikachapishwa na jina na picha ya mtunzi. Hapo ndipo ninapoona kwamba swali la “nani aliutunga?”, ambalo wengine huliona la kupotezea wakati, lina uzito wake. Kulijibu ni kurudisha kitu kilichochukuliwa.

Tena jibu la Adventure halikudumu. Mchezo wa Video Whizball, uliotolewa mwaka 1978 kwa mashine ya Fairchild, una jina la mtunzi wake Bradley Reid-Selth lililofichwa ndani yake. Kisha mwezi wa Machi 2017 Ed Fries, aliyewahi kuwa mmoja wa wakuu wa Microsoft, alitangaza jambo la ajabu zaidi. Mhandisi Ron Milner alimwambia kwamba katika Starship 1, mashine ya sarafu ya Atari ya mwaka 1977, alificha salamu yake mwenyewe. Lakini miaka ilikuwa imepita, na namna ya kuitoa ameisahau. Fries aliichunguza programu hata akazipata hatua zake: mchezaji akifuata mpango fulani wa vitufe anapotia sarafu, kioo huandika HI RON!, na mashine humpa michezo kumi ya bure. Salamu hiyo ilikaa miaka arobaini bila watu kujua kuwa iko, na aliyeiweka aliisahau njia yake. Basi mtu aliyejibu Adventure mwaka 2016 alipewa alama, na aliyejibu vivyo hivyo mwaka 2018 alinyang'anywa, ingawa hakuna lililobadilika katika mwaka 1977. Riwaya ya Ready Player One ya mwaka 2011, ambayo kisa chake chote ni mashindano ya kuijua michezo ya zamani, huufanya mchezo wa Robinett kuwa mlango wa mwisho wa ushindi. Sitashangaa ikiwa vizazi viwili vitaendelea kumpa Robinett alama ambayo kwa haki ni ya wengine. Naona yeye mwenyewe hapungukiwi na lolote: aliyeandika jina lake gizani hakutaka kuwa wa kwanza, alitaka kujulikana.

Fairchild niliyoitaja yanikumbusha Jerry Lawson, ambaye nilimwuliza katika swali la tisa. Lawson alikuwa Mmarekani mweusi, aliyezaliwa Brooklyn mwaka 1940, wakati wahandisi weusi katika bonde la Silicon walipokuwa wachache mno. Aliongoza kazi ya Channel F, mashine iliyotoka mwaka 1976 na iliyokuwa ya kwanza kutumia kaseti za kubadilisha zenye programu ndani yake. Tangu hapo mtu aliweza kununua mashine moja na michezo mingi. Alifariki mwezi wa Aprili 2011, mwezi mmoja tu baada ya watunzi wa michezo kumpa heshima hadharani. Siku hizi hutajwa kwamba yeye ndiye aliyeivumbua kaseti. Hapa napata taabu, kwa maana moyo wangu wapenda jibu hilo. Lakini chanzo cha wazo kilikuwa Wallace Kirschner na Lawrence Haskel wa kampuni ya Alpex, nao Ron Smith na Nick Talesfore wa Fairchild walifanya kazi kubwa ya kukipa chombo umbo liwezalo kuchomekwa na kuchomolewa na mtoto mara maelfu. Lawson aliliona wazo, akalitambua, akaliongoza hadi dukani. Sioni kwamba heshima yake hupungua kwa kutaja wenziwe. Itapungua siku mpinzani atakapowataja na sisi tukawa hatuwajui.

Kadhalika kwa wanawake. Jibu la kawaida la mwanamke wa kwanza kutunga mchezo wa video wa kuuzwa lilikuwa Carol Shaw, mtunzi wa River Raid wa mwaka 1982, naye ni mtunzi hodari kweli kweli. Baadaye ikajulikana zaidi kwamba Joyce Weisbecker aliitungia kampuni ya RCA michezo mwaka 1976, kwa mashine ya Studio II ambayo baba yake alikuwa mmoja wa wabunifu wa mtambo wake. Mashine ilishindwa sokoni, na jina la mtunzi likazama nayo.

Yako tena maswali ambayo jibu lake ni kisa, na visa ndivyo hatari kuliko tarehe. Nitaje viwili, kwa kuwa vilinipinga kila kimoja kwa upande wake. Cha kwanza ni cha Space Invaders, mchezo wa Tomohiro Nishikado uliotolewa Japani na Taito mwaka 1978. Kuna jambo moja la kweli katika mchezo huo ambalo nalipenda: maadui huenda mbio zaidi kadiri wanavyouawa, na mwanzo wake haukuwa hila ya mtunzi. Mtambo ulikuwa mzito kuwachora wote, na walipopungua ukawachora kwa wepesi. Nishikado akaona kwamba hofu hiyo inafaa, akaiacha. Lakini kisa kipendwacho ni kingine: kwamba watu walicheza mno hata sarafu za yeni 100 zikaadimika nchini, na serikali ikalazimika kufua nyingine kwa wingi. Nilikiuliza kwa miaka mingi. Hesabu za sarafu zilizofuliwa zinaonyesha kwamba miaka ya 1978 na 1979 zilifuliwa chache kuliko miaka iliyotangulia na iliyofuata. Kisa kikaanguka.

Nikiwa nimekwisha kuwa mtu wa shaka, nikakigeukia cha pili. Husimuliwa kwamba Atari, baada ya kushindwa vibaya kuuza mchezo wa E.T., ambao Howard Scott Warshaw alipewa wiki tano tu kuutunga mwaka 1982, iliyachukua malori ya kaseti usiku hata jangwa la New Mexico ikazizika. Nilisema, hiki nacho ni cha sarafu za Japani. Kumbe mwezi wa Septemba 1983 magazeti yaliandika juu ya mazishi hayo, na tarehe 26 Aprili 2014 jalala la mji wa Alamogordo likafukuliwa mbele ya watu, na kaseti zikatoka udongoni, E.T. zikiwamo. Zilipatikana takriban 1,300. James Heller, aliyeyasimamia mazishi yale, alikadiria kwamba zilizozikwa ni 728,000, za michezo mingi mbalimbali. Basi waliosema mamilioni ya E.T. peke yake walitia chumvi, na mimi niliyesema hakuna kitu nilikosa zaidi yao. Warshaw alikuwapo siku ya kufukua. Kwa miaka thelathini alikuwa akitajwa kama mtu aliyeiangusha biashara nzima, mzigo usiomwelekea mtu mmoja aliyepewa wiki tano.

Yaweza kuulizwa kwa nini tutegemee midomo ya watu hali michezo yenyewe ipo. Haipo. Uchunguzi wa Video Game History Foundation, uliotolewa mwaka 2023, ulionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010 haiuzwi tena kwa njia yoyote halali. Mashine huoza, kaseti hupotea, na kampuni nyingi zilizoitengeneza michezo hiyo zimekwisha kuvunjika pamoja na makabati yao ya karatasi. Hata mchezo unaojulikana kuliko yote una pengo lake. Super Mario Bros. ulitolewa Japani tarehe 13 Septemba 1985, na hilo halina ubishi. Lakini siku ulipoanza kuuzwa Marekani, mchezo ambao mamilioni ya watoto waliucheza, haina ushahidi unaokubaliwa na wote: hutajwa Oktoba 1985, hutajwa na tarehe nyingine hadi mwaka 1986, na waliopekua matangazo ya maduka na magazeti ya siku zile wamerudi na majibu yanayopingana.

Swali hilo nililipeleka barazani mwezi uliopita, na mgeni wetu, ambaye sasa si mgeni tena, alikuwapo. Walijaribu wote, mmoja alitaja Oktoba, mwingine Novemba, mwingine Machi ya mwaka uliofuata. Niliwakatalia kila mmoja kwa zamu, nikawauliza wamejuaje, na hakuna aliyeweza kusema. Basi nikadai mji. Yule bwana akaniuliza, “Jibu unalo wewe mwenyewe?” Nikasema sina. Wakashauriana kidogo, wakakata shauri kwamba mtegaji asiye na jibu ndiye apasaye kutoa mji. Nikawapa Alamogordo, nao wakaupokea.